Nati Isicheze



Ukipita Dandora, hapa Nairobi, siku hizi, kuanzia Phase One hadi Phase Five, hebu tazama mageti. Zamani geti la ploti lilikuwa mabati yaliyofungwa kwenye fremu, na mwenye nyumba akiwa na pesa kidogo, fundi alimpindia chuma kikawa maua. Sasa utakuta bamba zima limekatwa majani, twiga, au herufi za jina la familia, kila jani sawasawa na mwenzake. Mkono haukati vile. Hiyo ni kazi ya mashine ya CNC, mashine inayopokea mchoro kutoka kwenye kompyuta ukiwa umeshageuzwa kuwa tarakimu, kisha mota zake zikaisogeza ncha ya kukatia kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, kadiri tarakimu zilivyoagiza.

Fundi wa mageti ajua vizuri faida iko wapi. Yeye huchomelea tu. Bamba anakwenda kukatiwa kwa mwenye mashine, analipa, anapanga foleni, anarudi. Fundi wa vitanda naye ni vivyo hivyo: ule ubao wa kichwani wenye nakshi hachongi yeye. Ndiyo maana vijana kadhaa wa Eastlands, wenye kompyuta kuukuu na mikono isiyotulia, wameamua kujitengenezea mashine zao. Na swali linalowakwamisha ni moja: vipuri watavitoa wapi?

Jibu linalotolewa upesi ni China. Agiza, subiri, lipa ushuru, funga. Mimi nasema jibu hilo ni nusu tu, tena ni nusu ya pili. Nusu ya kwanza iko Kariobangi Light Industries, iko Kirinyaga Road, iko Luthuli Avenue, na sehemu yake nyingine iko kwenye stoo za maofisi. Kinachomtesa kijana wa Dandora ni kwamba ameshika mchoro uliochorwa na mtu wa Ujerumani au Marekani, mtu ambaye akihitaji reli ya chuma iliyonyooka leo, kesho asubuhi inabisha hodi mlangoni. Mchoro ule umeandikwa kwa duka la kule. Ukiufuata neno kwa neno ukiwa hapa, kila mstari unakuwa oda ya nje, na kila oda ni mwezi.

Kwa hiyo geuza mambo. Kwanza zunguka madukani ujue kuna nini, ndipo ukae chini uchore mashine.

Nikupe mfano. Mashine ya namna hii huhitaji rodi yenye hesi, ile inayozungushwa na mota ili nati itembee juu yake na kusogeza meza. Michoro ya kigeni inataka skrubu ya gololi, kitu kizuri sana na cha gharama. Lakini nenda hadiwea yoyote uulize rodi yenye hesi ya milimita 12. Ipo, imesimamishwa pembeni pamoja na paipu za maji. Sasa rodi hiyo inahitaji kushikwa na beringi huku na huku. Beringi namba 6301 ina tundu la milimita 12 kamili, na ndiyo inayoingia kwenye magurudumu ya pikipiki nyingi. Boda boda zimetufanyia hisani ambayo hatujaihesabu: popote penye stegi ya boda, hapakosi duka la karibu lenye beringi hiyo, na bei yake haikutishi. Rodi ya 12 ndani ya beringi ya pikipiki. Hapo umeshapata mhimili mmoja wa mashine bila kuandika barua pepe kwa mtu.

Utaniuliza, je, rodi ya hadiwea itakata sawasawa? Tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu ukiweza. Hesi ya kawaida ya rodi ya milimita 12 husogea milimita 1.75 kwa kila mzunguko mmoja. Mota inayotumika, stepa, haizunguki ovyo kama mota ya feni. Huruka hatua kwa hatua, na iliyo ya kawaida ina hatua 200 katika mzunguko mmoja. Gawa 1.75 kwa 200. Unapata chini ya sehemu moja ya mia ya milimita kwa kila hatua. Nywele ya kichwa chako ni nene kuliko hapo.

Na ukikuta hadiwea haina ya milimita ila ina ya inchi, maana maduka yetu bado yanachanganya vipimo vya Mwingereza na vya Mfaransa, usisononeke. Rodi ya 3/8 ya inchi yenye hesi 16 kwa kila inchi husogea milimita 1.5875 kwa mzunguko. Namba hiyo ni mbaya kwa mdomo, lakini programu hailalamiki. Unaiandikia mara moja tu ni hatua ngapi kwa milimita, nayo hukumbuka. Programu yenyewe, GRBL, ni ya bure. Iliandikwa na Mnorwe, Simen Svale Skogsrud, mwaka 2009, na inakaa ndani ya bodi ndogo ya Arduino Uno yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Bodi hizo, pamoja na stepa mpya na draiva zake, zinauzwa katikati ya mji, Luthuli na mitaa ya jirani.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Kuna makosa ambayo tarakimu zinaweza kuyasahihisha, na kuna makosa ambayo hazina la kuyafanya. Rodi ikiwa na hesi ya ajabu, tarakimu zitasahihisha. Puli ikiwa na meno 18 badala ya 20, zitasahihisha. Mota ikiwa ya printa ya zamani yenye hatua 48 kwa mzunguko, zitasahihisha pia, ingawa ukataji utapungua usafi. Lakini nati ikicheza juu ya rodi, tarakimu hazina habari. Rodi ikiwa imepinda, hazina habari. Fremu ikitikisika kisu kinapouma mbao, hazina habari kabisa, zinaendelea kuhesabu kana kwamba kila kitu kiko salama. Pesa yako chache, basi, ipeleke kwenye yale yasiyosahihishwa na kompyuta. Mengine yote okota unapoweza.

Tuiangalie hiyo nati, kwa sababu ndiyo iliyoua mashine nyingi za nyumbani. Chukua nati ya hadiwea, ivishe kwenye rodi, uishike kwa vidole na kuisukuma mbele na nyuma bila kuizungusha. Utasikia inagonga kidogo, ka, ka. Tuseme imecheza nusu milimita. Kwa ile hesabu yetu, hatua 57 za mota zimepotelea hapo kila mara meza inapogeuza mwelekeo. Ndipo unapoona duara lililotakiwa kuwa duara limekuwa yai.

Dawa yake inapatikana supamaketi, upande wa vyombo vya jikoni. Nunua ubao wa kukatia mboga, ule mweupe mzito wa plastiki. Kata kipande, toboa tundu jembamba kuliko rodi. Kisha chukua kipande kifupi cha rodi ileile, ukipasue mfereji kwa urefu wake kwa grainda, ili makali ya hesi yawe meno ya kukata. Kizungushe taratibu ndani ya tundu la plastiki, mbele kidogo, nyuma kidogo, ukitoa mabaki. Plastiki itachongeka hesi inayolingana na rodi yako hiyo, wala si rodi ya mwingine. Nati ya namna hiyo huikumbatia rodi bila kugonga, na ikilegea baada ya miezi unachonga nyingine. Wengine huweka nati mbili za chuma na springi katikati zikisukumana, nayo ni njia njema, ila huongeza uzito kwa mota.

Na rodi yenyewe? Usinunue ya kwanza unayopewa. Omba kuiviringisha juu ya kioo, au juu ya meza ya fundi wa vioo kama yupo jirani. Iliyopinda itainuka na kushuka, utaona mwanga ukipita chini yake. Muuzaji atakuna kichwa. Mwache akune.

Sasa tuje kwenye mota. Mitaani kuna imani kwamba Dandora, kwa kuwa jalala lipo, basi mota za bure zipo. Jalala letu, msikilizaji, lilianza katikati ya miaka ya 1970 kwenye shimo la machimbo ya mawe, wakati uleule mtaa wenyewe ulipokuwa ukijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake hapahapa Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jalala hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa. Kwa hiyo anayekwambia upande kule na mfuko ukachakure mota, mwambie akutangulie. Isitoshe, printa inapofika jalalani mara nyingi imeshavunjwa, shaba imetolewa, kilichobaki ni plastiki.

Mota ziko kwa wanaonunua vyuma na mashine chakavu kabla havijafika huko. Unachotafuta ni printa kubwa za zamani, zile za kugonga utepe zilizokuwa zikichapisha risiti za ofisini, na fotokopia, hasa fotokopia. Ndani ya fotokopia moja ya ofisi kuna mota kadhaa, rodi nene za chuma kilichosuguliwa hadi kung'aa, mishipi yenye meno, puli zake, springi, na swichi ndogo za kujua karatasi imefika. Si rahisi kupata duka Nairobi litakalokuuzia vitu hivyo vyote kwa pamoja.

Kuipima stepa hakuhitaji mita. Ikiwa na waya nne, zungusha mhimili wake kwa vidole uone ulaini wake. Kisha gusanisha ncha za waya mbili na uzungushe tena. Mhimili ukiwa mgumu ghafla, kama kuna mtu ndani anakuzuia, basi hizo mbili ni jozi ya koili moja. Usipobadilika, jaribu waya nyingine. Ukipata jozi mbili, mota ni nzima na umeshajua namna ya kuifunga. Haya unayafanya umechuchumaa mbele ya mwenye skrapu, kabla hujatoa hata shilingi.

Lakini tahadhari, na hapa natofautiana na baadhi ya watu wanaoshangilia taka za elektroniki kana kwamba ni machimbo ya dhahabu. Ni kweli kazi kubwa imefanyika. Kule Lomé, Togo, mwaka 2013, Kodjo Afate Gnikou aliunda printa ya 3D kwa kutumia taka za elektroniki, na dunia ikamsifu. Hapa Nairobi, Roy Ombatti aliyesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Nairobi alianzisha AB3D, kampuni iliyotengeneza printa za 3D ikitumia pia sehemu kutoka kwenye taka hizo. Heshima yao wanastahili. Ila printa ya 3D humwaga plastiki laini tu, hakuna kinachoisukuma. CNC inauma mbao, na mbao inarudisha ngumi. Rodi nyembamba ya milimita 8 iliyotoka kwenye printa ya mezani, ikibeba ncha ya kukatia mvule, itapinda kama upinde. Rodi hizo zitumie kwenye mashine ya kuchora kwa kalamu, ujifunzie. Kwa mbao tafuta za fotokopia, au paipu nene ya mraba, na beringi zikitembea juu yake.

Suala la vyuma chakavu lina siasa yake pia. Mnakumbuka Januari 2022 minara ya umeme ilipoanguka Imara Daima na nchi ikakaa gizani? Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo ikaondolewa mwezi Mei. Shabaha ilikuwa wezi wa nyaya na minara. Lakini kwa miezi hiyo, yule mama anayenunua printa mbovu kwa kilo aliwekwa kapu moja na mwizi wa mnara. Sina ugomvi na kulinda umeme. Nasema tu kwamba chanzo cha vipuri cha fundi mdogo kilifungwa kwa tamko moja, na sikumsikia mtu akimtaja fundi.

Haya, yako mambo machache ambayo hata uzunguke vipi hutayapata ya kuaminika mitaani. Koleti nzuri ya kushika kisu bila kuyumba. Visu vyenyewe vya kabaidi. Mota ya kukatia inayozunguka mara 24,000 kwa dakika, kama hutaki kutumia rauta ya mkono ya seremala. Hivi agiza. Wapo wakusanyaji mizigo wenye maghala Guangzhou, wanaotoza kwa kilo ukitumia ndege na kwa ujazo ukitumia meli. Kwa hiyo chuma kizito kisipande ndege kabisa. Koleti na visu ni vyepesi, vinaingia mfukoni.

Forodha nayo uijue. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza Umoja wa Forodha mwaka 2005 ilipanga ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo ya uzalishaji, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwaka 2022 ikaongezwa ya 35. Juu ya hapo kuna ada ya tamko la uagizaji, kuna tozo ya reli, kuna VAT ya asilimia 16, na hayo yanahesabiwa pamoja na nauli ya mzigo. Sasa tazama: tajiri anayeleta mtambo mzima analeta kitu cha uzalishaji. Kijana anayeleta kifurushi cha bolti, vibano, mota na waya, kila kimoja kinatafutiwa ngazi yake. Mashine ni ileile, tofauti ni kwamba mmoja ameinunua imeshafungwa na mwingine anataka kuifunga mwenyewe. Mimi naona aliyepaswa kupumzishwa ni huyu wa pili.

Na serikali yetu si mgeni wa mashine hizi. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa watu, lakini hayakufika sokoni. Kilichobaki cha mradi ule ndicho kiwanda cha Numerical Machining Complex, jirani na karakana za reli, kilichoanzishwa kikiwa na mitambo ya tarakimu wakati fundi wa Kariobangi hajawahi kuiona. Ni safari ya matatu moja tu kutoka Dandora, ila vijana ninaowazungumzia wamejifunza kwa video za simu.

Mashine ya kwanza iwe ndogo. Ubao wa futi nane kwa nne unavutia, lakini rodi ya hesi yenye urefu huo hutikisika kama kamba ya kuruka, na kwa mizunguko 600 kwa dakika itachukua zaidi ya dakika mbili kuvuka upande hadi upande bila kukata chochote. Anza na meza ya sentimita 60. Kata vibao vya majina ya maduka, kata namba za ploti, kata nakshi za vioo. Mashine hiyo ikishakulipa ndiyo itakayokukatia sehemu za mashine kubwa.

Nimalizie kwa ombi, nalo ni kwa wakubwa wa ofisi za umma mnaonisikiliza. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inawaruhusu kuhamisha mali msiyoihitaji kwenda taasisi nyingine ya umma, si lazima mnada. Vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti ni taasisi za umma. Fotokopia zile zilizorundikwa kwenye korido na stoo zenu kwa miaka mingi, zikingoja kamati ikae, zipelekeni huko zikiwa nzima, na kebo zake. Mkizipeleka, wanafunzi wa Eastlands watajua la kufanya nazo.